Mpaka Jiwe Lipate Jua

Majuzi nilikuwa katika ofisi moja mjini Embu, nikifuatilia karatasi zangu za kustaafu. Karani aliyenihudumia alikuwa binti mwenye kucha ndefu na adabu nzuri. Foleni ilikuwa imenichosha, kwa hiyo nilitoa ndizi mbili mkobani, nikazila pale pale kwenye kiti, kisha nikafungua chupa yangu ya maji. Binti aliweka kalamu chini.

"Mama, usikunywe maji saa hii. Si umetoka kula matunda? Ngoja hata nusu saa."

"Nikinywa nitafanywa nini?"

"Asidi ya tumbo inachanganyika vibaya. Hiyo ndizi itaozea huko ndani. Hata kwa simu wameandika."

Nilikunywa chupa yote bila kumwondolea macho. Haikuwa adabu hiyo. Yule ni rika la wajukuu wangu na alinitakia mema, nami nilikunywa kama mtu anayemtukana mwenzake. Nilipotoka nje niliketi kwenye ngazi mpaka bawabu akaja kuniuliza kama ninaumwa. Nilimwambia ni miguu tu.

Uongo huu nimeusikia ukiwa umevaa nguo za kila aina. Kwetu mlimani walisema mapera yakikutana na maji tumboni yanafura kama maharagwe yaliyolowekwa, mpaka utumbo upasuke. Kule chini kwenye joto la Mbeere, nilikofanya kazi ya uuguzi miaka mingi, ilikuwa ni maembe, na maji juu yake yanaleta kuhara damu. Wapo waliosema parachichi na maji baridi hugandisha mafuta kifuani. Siku hizi uongo umenunua simu na unazungumzia asidi. Tunda lenyewe ni maji tupu, ukilikamua unapata kikombe, lakini mwambie mtu hivyo uone atakavyokutazama.

Nyumbani kwetu, karibu na Kanyakine, sheria hiyo ilikuwa na mwenyewe. Mwenyewe alikuwa nyanya, mama yake baba. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya mbali, alirudi muhula ukiisha, na ingawa alikuwa amesoma vitabu hakuwahi kubishana na mama yake kuhusu jambo lolote la jikoni. Mama alikuwa amekuja kuolewa tu, hakuwa na kauli. Basi nyanya ndiye aliyetawala mtungi.

Mtungi wa maji ulikaa kwenye kona yenye giza, nyuma ya mlango wa jiko, na kata ya kibuyu ilining'inia kwenye msumari kando yake. Msimu wa mapera ukifika nyanya alifunga kamba kwenye mpini wa kata na kuitundika juu kwenye boriti, mahali ambapo mtoto hafiki bila kupanda kitu. Aliyekula mapera asubuhi hakugusa maji mpaka jiwe lipate jua.

Jiwe lenyewe lilikuwa la kunolea mapanga, limezama nusu ardhini upande wa machweo wa ghala la mahindi. Asubuhi lilikuwa ndani ya kivuli cha ghala. Jua lilipopanda kivuli kilijikunja polepole, na kati ya saa nne na saa tano jiwe lilipata jua. Hapo nyanya alishusha kata, na sisi watoto tulikimbilia mtungi tukisukumana. Hatukuwa na saa ukutani. Jiwe lilikuwa saa yetu, na siku za mawingu nyanya alitoka nje, akatazama juu, akanusa hewa, akasema, "Haya, sasa," nasi tulikunywa. Hatukujiuliza alijuaje.

Nisimfanye nyanya kuwa mtu mbaya. Alipokuwa msichana, mdogo wake alikula mapera, akashuka mtoni akanywa maji, na kabla siku mbili hazijaisha tumbo lilifura akafa. Alituhadithia hivyo kila mwaka, mapera ya kwanza yalipoiva, na kila mwaka alipofika mahali pa tumbo kufura aliweka mkono juu ya tumbo lake mwenyewe. Utamwambia nini mtu aliyeona kwa macho yake? Mimi nilimwamini kabisa. Nilikuwa naota matumbo yakipasuka.

Mdogo wangu mimi alikuwa na miaka minne. Mimi nilikuwa na tisa. Uhuru ulikuwa umekuja miaka michache tu kabla, na kila aliyekuwa na kipande cha shamba alikuwa amepanda kahawa. Ilikuwa mwezi wa Julai, baridi ile ya kwetu ambayo ukungu unashuka kutoka mlimani na kulala juu ya migomba siku tatu, nne, bila kuondoka. Mama na nyanya walikuwa na kahawa ya kupeleka kiwandani, na kiwandani foleni ilikuwa ya kutwa. Jana yake mdogo wangu alikuwa ameharisha mara mbili, si jambo la kumtisha mtu, lakini walisema nisiende shule, nibaki naye.

Kabla hawajaondoka nyanya alitupa mapera. Aliyaokota mwenyewe chini ya mti, yamelowa umande, akatupangusia kwenye leso yake. Mdogo wangu alikula matatu. Mimi nilikula manne. Kisha nyanya akanishika kidevu.

"Maji mpaka lini?"

"Mpaka jiwe lipate jua."

"Hata akilia?"

"Hata akilia."

Walipandisha magunia mgongoni, kamba kwenye paji la uso, wakashika njia. Ukungu uliwameza kabla hawajafika kwenye kona ya ua wetu.

Haukupita muda mrefu, mdogo wangu akaanza kutapika. Mwanzo alitapika mapera, kisha maji yenye povu. Alikuwa anaharisha pia, nami nilikuwa nambeba hadi nyuma ya nyumba na kumrudisha, nambeba na kumrudisha, mpaka ikawa hakuna haja ya kumbeba kwa sababu hakusema tena kama anataka kwenda. Nilimlaza juu ya gunia kando ya moto nikamfunika na koti kuukuu la baba. Akasema anataka maji.

Nilimwambia jiwe bado.

Nilitoka kutazama. Ghala halikuwa na kivuli. Hakuna kitu kilichokuwa na kivuli, hata mimi. Jiwe lilikuwa jeusi kwa unyevu na ukungu ulikuwa umekaa juu ya ua wote, mweupe, mzito, bila dalili ya jua upande wowote. Nilirudi nikamwambia tena bado kidogo. Akaomba. Nikatoka. Nikarudi. Nilifanya hivyo mara nyingi kiasi kwamba miguu yangu iliacha njia kwenye majani kati ya jiko na jiwe, na njia hiyo niliiona kesho yake, wakati wanaume wakichimba.

Leo ninajua kwamba ilifika saa nne, ikapita, ikafika saa sita, ikapita. Siku ile sikujua. Nyanya ndiye aliyejua kunusa hewa, na nyanya alikuwa kwenye foleni. Mimi nilikuwa nimepewa jiwe tu, na jiwe halikuwa na jibu.

Kuna jambo moja ambalo sijalisema kwa mtu yeyote, si mume wangu alipokuwa hai, si mchungaji. Nitaliandika hapa.

Mchana ule nilishikwa na kiu. Moto wa jiko, kubeba mtoto, kutoka na kuingia. Na mimi pia nilikuwa nimekula mapera. Nilimtazama mdogo wangu, nikaona amefumba macho, nikavuta kigoda hadi nyuma ya mlango, nikapanda, nikafungua kamba ya kata. Niliijaza pomoni. Niliishika kwa mikono miwili kwa sababu ilikuwa nzito, nikanywa yote bila kupumua, na maji yakanimwagikia kifuani. Nilijipangusa kwa sketi yangu haraka haraka ili nyanya asije akaona. Kisha nikasimama pale juu ya kigoda, mkono tumboni, nikingoja kupasuka.

Sikupasuka. Maji yalikuwa matamu.

Nilipogeuka, macho yake yalikuwa wazi. Alikuwa ananitazama kutoka pale kwenye gunia, na midomo yake ilikuwa imekauka hadi imepata ngozi nyeupe.

"Na mimi," alisema.

Sikumpa. Watu watasema mtoto wa miaka tisa anajua nini. Nilijua. Nilikuwa nimekunywa juu ya mapera manne na nilikuwa nimesimama. Lakini nilifikiri kwamba yeye ni mdogo na tumbo lake ni dogo. Na nilifikiri jambo jingine, ambalo ndilo kweli yenyewe: nikimpa atasema. Nyanya akirudi atamwambia alikunywa na mimi nilikunywa, kwa sababu alikuwa mtoto wa kusema kila kitu. Niliirudisha kata kwenye boriti, nikafunga kamba vile vile nilivyoikuta, nikakaa karibu naye nikamwimbia nyimbo za Shule ya Jumapili. Aliomba tena, sauti ikiwa ndogo zaidi. Baadaye aliacha kuomba, nami nikafurahi kwamba amepata usingizi.

Walirudi jioni, jua likiwa bado halijazama huko juu ya ukungu lilikokuwa. Mama alimwona tu, akatupa gunia chini, akamfunga mgongoni na kukimbia. Zahanati haikuwa mbali. Nyanya alifuata, na mimi nilifuata nikiwa nimebeba koti la baba. Mhudumu alikuwa mwanamume mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimvuta mdogo wangu ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, na ngozi ikabaki imesimama pale alipoiachia.

"Mmempa maji?"

"Hata tone," nyanya alisema kwa fahari. "Huyu dada yake amemlinda kutwa."

Yule mhudumu alinitazama kwa muda, akavua miwani, akaipangusa kwa koti lake, akaivaa tena. Alikwenda kutafuta sindano, na aliporudi nayo haikuwa na kazi.

Kwenye matanga walinisifu. Wanawake wa kanisa walipokuja, nyanya aliniita mbele yao na kuniwekea mkono kichwani. Alisema mapera yamemchukua mtoto, lakini kama si mimi angekufa kwa uchungu mkubwa zaidi, tumbo wazi, kama yule mdogo wake. Alisema mimi nina masikio. Wanawake walinishika mashavu na kuniita mtoto mwema, na mmoja wao alinipa kipande cha nyama kutoka sahani yake. Nilikila. Mama alikuwa ameketi ukutani, amefunika kichwa, hakunitazama.

Tangu siku ile kutundika kata ikawa kazi yangu. Nyanya alikufa mimi nikiwa kidato cha pili, akiwa bado anaamini.

Niliyoyafanya yalikuja kunifikia Embu, nikiwa mwanafunzi wa uuguzi. Mwalimu wetu aliweka mezani jagi la maji, chumvi na sukari, akatuonyesha namna ya kuchanganya. Alisema mtoto anayehara hauawi na tumbo lake, anakauka. Alisema anakufa kwa kiu, na ukimwona ngozi ya tumbo inabaki imesimama, ujue alikuwa anahitaji maji tangu asubuhi. Niliandika sentensi hiyo kwenye daftari. Kisha nikainua mkono.

"Na kama amekula mapera?"

Darasa zima lilicheka. "Hata kama amekula mti mzima na majani yake," mwalimu alisema, na mimi nikacheka pamoja nao, kwa sauti kubwa kuliko wote. Usiku na mchana kwa wiki nzima nilikuwa nafanya hesabu ya kata moja ina vikombe vingapi.

Nilipoajiriwa kule chini, msimu wa maembe ulikuwa msimu wangu wa hasira. Akina mama walikuja wamebeba watoto waliolegea, wakisema kwa Kiswahili chao cha kuchanganya na Kimbeere, "Daktari, huyu alikula maembe, na sisi hatukumpea maji kabisa." Walitarajia niwapongeze. Niliwafokea hadi nikapelekewa barua mbili za malalamiko. Ukweli ni kwamba sikuwa nawaona wao. Nilikuwa namtafuta dada mkubwa. Karibu kila mara alikuwepo, amesimama mlangoni na kanga ya kubebea mtoto, na kabla sijafanya lolote jingine nilimpa yeye kikombe na kijiko na kumwambia amnyweshe mwenzake kwa mkono wake mwenyewe. Wauguzi wengine waliona ninapoteza muda.

Mimi ni Mkristo na ni muuguzi, kwa hiyo sisemi ni mzimu. Ninasema tu kwamba siku za ukungu, mahali popote nilipo, inapofika katikati ya asubuhi ninasikia mtu mdogo akisema "na mimi." Haji na sura wala haji na kilio. Anasema kama mtu anayengoja zamu yake. Nimeishi naye muda mrefu kuliko nilivyoishi na mume wangu. Wakati mwingine nimemimina maji kikombeni nikayaacha mezani, nikajidanganya kwamba nimesahau kuyanywa.

Nilipostaafu nilirudi nyumbani kumtunza mama. Alikuwa amebaki mfupa na akili, na akili ilikuwa nzima. Jiko la zamani lilishabomoka, ghala pia, ila jiwe liko palepale, hakuna aliyeona sababu ya kuling'oa. Jambo moja nililiona mapema. Mama alikula matunda, papai hasa, kwa kuwa meno yalikuwa yamekwisha, lakini akishakula alisukuma kikombe cha maji mbali. Nilimweleza kama nilivyowaeleza akina mama elfu. Alisikiliza vizuri, akasema anajua, ni uongo, redio pia ilisema. Bado hakunywa.

Mwaka jana, Julai, ukungu ulikuwa siku ya tatu. Nilikuwa nimemkalisha karibu na dirisha, namlisha papai kwa kijiko. Alikula nusu, kisha akanishika kifundo cha mkono.

"Siku ile mimi nikiwa kwenye foleni ya kahawa."

Sikuuliza siku ipi. Ilikuwa mara ya kwanza kuitaja tangu tuzike.

"Wewe ulikuwa mtoto mtundu," mama alisema. "Ulikuwa unaiba sukari. Nilikukataza mti wa mama mkwe, ukaupanda. Hukuwahi kusikia neno la mtu hata siku moja. Nyanya yako alipokuwa anakusifu mbele ya watu, mimi pale ukutani nilikuwa namwambia Mungu, tafadhali, iwe huyu mtoto anadanganya. Iwe alipanda kitu akashusha kata. Nimeomba hivyo miaka yote hii. Nimeogopa kukuuliza."

Mkono wake haukuwa na nguvu, lakini haukuniachia.

"Ulimpa?"

Nimeambiwa tangu utoto kwamba uongo ni dhambi, na nimewafundisha wanangu hivyo. Niliweka kijiko kwenye sahani.

"Nilimpa, mama. Nilivuta kigoda hadi nyuma ya mlango, nikapanda. Nilifungua kamba. Niliijaza kata pomoni, nikaishika kwa mikono miwili kwa sababu ilikuwa nzito."

"Akanywa?"

"Alikunywa yote bila kupumua. Yalimwagikia kifuani nikampangusa kwa sketi yangu, ili nyanya asione."

Mama alifumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu, hata nikadhani amelala, na machozi yake yalikuwa yanapita kwenye mikunjo ya uso bila haraka. Aliuliza kama maji yalikuwa baridi. Nilisema yalikuwa baridi, na matamu. Ndipo akafumbua macho na kunyoosha mkono kuelekea kikombe pale dirishani, ladha ya papai ikiwa bado mdomoni.

"Na mimi," alisema.

Nilimshikia kikombe kwa mikono miwili mpaka akamaliza.